Hofu ya Mlaji na Hesabu ya Mtaalamu

Kila mtu alaye amewakabidhi watu wengine roho yake. Aliyelima, aliyevuna, aliyekausha, aliyesaga, aliyechukuza, aliyeuza na aliyepika, wote wamekishika chakula kabla yake, na yeye hakuwaona. Hawezi kuwafuata mmoja mmoja na kuwahoji. Hunusa, hutazama rangi, huonja kwa ncha ya ulimi, kisha hula. Siku hizi amesimama mtu mwingine baina ya mlaji na sahani yake, naye ni mtaalamu, mwenye hadubini na mizani ya kupima vitu visivyoonekana kwa macho, ambaye husema: hiki ni salama, kile ni hatari. Ajabu ni kwamba wawili hawa mara nyingi hawaogopi kitu kimoja. Jambo limtialo mlaji hofu, mtaalamu huliona dogo. Na jambo limnyimalo mtaalamu usingizi, mlaji hulila kila siku pamoja na watoto wake. Katika insha hii nataka tuulize ni hofu ya nani iliyo na haki ya kufuatwa, na kama mmoja wao amekosea, amekosea nini hasa.

Jibu la haraka lipo, na kila mwanafunzi aliyepata kushika kitabu cha sayansi analo mdomoni: afuatwe ajuaye. Mgonjwa hamfundishi tabibu, wala abiria hamshiki nahodha mkono. Jibu hili lina nguvu, wala simo katika wale waidharauo elimu. Mimi ni mwalimu, na mwalimu aidharauye elimu anaukata mti alioukalia. Walakini, jibu hili linachukulia kwamba mlaji na mtaalamu wameulizwa swali moja, mmoja akalijibu vizuri na mwingine vibaya. Nadhani hapo ndipo tunapopotea njia tangu mwanzo.

Tutazame kwanza hesabu ya mtaalamu, maana ni nzito. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitangaza makadirio yake ya maradhi yaletwayo na chakula. Lilikadiria kwamba kwa mwaka mmoja watu milioni 600, yaani karibu mtu mmoja katika kila kumi duniani, huugua kwa sababu ya chakula kibovu, na kwamba watu 420,000 hufa. Katika hao waliokufa, 125,000 walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Bara la Afrika lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Na wagonjwa wengi kabisa katika hesabu hiyo, milioni 550, waliugua maradhi ya kuhara, yaletwayo na vijidudu vya kawaida mno: uchafu wa mikono, maji ya kisima kilicho karibu na choo, nyama isiyoiva, wali wa jana ulioachwa katika joto.

Sasa nenda sokoni, msomaji, uwaulize wanunuzi waogopa nini katika chakula. Watakutajia dawa zinyunyizwazo juu ya sukumawiki, rangi zitiwazo katika vyakula vya watoto, sindano wapigwazo kuku ili wakue upesi, na mbegu zilizobadilishwa katika maabara. Nimepata kuwauliza wanafunzi wangu swali hilohilo, wakanijibu kwa orodha kama hiyo, tena kwa ufasaha. Na kengele ya mapumziko ilipolia wakakimbilia uani kununua viazi na mabuyu kwa mikono isiyogusa maji tangu asubuhi. Sikuwacheka. Watu wazima hufanya vivyo hivyo. Kijidudu tumekizoea, nacho hakina hila. Dawa ni ngeni, nayo imetiwa na mtu.

Maneno hayo mawili, ugeni na kutiwa na mtu, ndiyo yafunguayo fumbo hili. Wapo wenye elimu waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mmarekani Chauncey Starr aliandika mwaka 1969 kwamba watu huivumilia hatari waliyoichagua wenyewe mara kama elfu moja zaidi ya hatari waliyotwikwa bila kuulizwa. Wengine waliokuja nyuma yake waliitilia shaka hesabu yake ya elfu moja, lakini hawakuikataa shina la fikira yake. Baadaye mwenzake, Paul Slovic, akishirikiana na wenziwe, aliwapa watu mbalimbali orodha ya mambo 30 ya hatari wayapange kwa ukubwa. Wanawake wa chama kimoja cha wapiga kura waliuweka umeme wa nyuklia nambari ya 1. Wataalamu waliopewa orodha ileile waliuweka nambari ya 20. Picha za eksirei zilipindukia upande wa pili: wanawake wale waliziweka nambari ya 22, wataalamu nambari ya 7. Slovic alipoyaeleza mambo haya mwaka 1987, hakusema kwamba raia ni wajinga. Alisema kwamba mtaalamu, akisikia neno hatari, mara nyingi huhesabu vifo vya mwaka. Raia huuliza maswali mengine pia. Je, naliona jambo hili au limefichika? Nalielewa au ni geni? Naweza kujiepusha nalo? Litaniua peke yangu au litaufuta mji mzima pamoja na vizazi vijavyo? Na faida yake inakwenda kwa nani?

Maswali hayo si ya ujinga. Mengine ni ya haki. Mtu akiuliza ni nani apataye faida na ni nani abebaye madhara, hajakosea hesabu, bali amegusa jambo ambalo hesabu ya vifo haikuliandika.

Chukua mfano wa nyama. Katika mwezi wa Julai 2019 televisheni moja ya Nairobi ilionyesha habari kwamba baadhi ya wauzaji katika maduka makubwa walikuwa wakiinyunyizia nyama chumvi iitwayo sodiamu metabisulfaiti ili ibaki nyekundu. Kelele iliyozuka nchini ilikuwa kubwa. Wapo waliosema kwamba kelele ilizidi jambo lenyewe, kwa kuwa chumvi hiyo hutumiwa kwa kiasi maalumu, kwa idhini ya sheria, katika matunda yaliyokaushwa na katika mvinyo, na kwamba walio hatarini zaidi ni wenye pumu na wachache wengine ambao miili yao haiivumilii. Kwa hesabu ya vifo huenda walisema kweli. Lakini fikiri kazi ya chumvi ile. Mnunuzi wa nyama hana maabara, ana macho. Wekundu ndio mizani yake. Nyama ikikaa siku nyingi hugeuka rangi, naye huiacha. Atiaye dawa ya kuurudisha wekundu hakutia kitu katika nyama tu. Ameyapofusha macho ya mnunuzi. Amemnyang'anya kipimo pekee alichokuwa nacho, na nyuma ya rangi ile nzuri kunaweza kuwa na nyama ya wiki nzima pamoja na vijidudu vyake. Kwa hiyo hasira ya watu ilikuwa hukumu juu ya udanganyifu kuliko makadirio ya sumu, na hukumu hiyo ilikuwa sawa. Mtaalamu aijibuye hasira kama hiyo kwa kusema tu kwamba kiasi ni kidogo, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Ndivyo ilivyo, kwa sehemu, hata katika ugomvi wa mbegu zilizobadilishwa. Serikali ya Kenya ilikataza uagizaji wa vyakula hivyo mwezi wa Novemba 2012, baada ya mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Gilles-Éric Séralini, kuchapisha habari za panya waliolishwa mahindi ya namna hiyo wakaota uvimbe. Mwaka 2013 jarida lililokuwa limeichapisha makala hiyo liliiondoa, likisema kwamba ushahidi wake hautoshi kuthibitisha neno. Mwaka uliofuata ikachapishwa tena kwingine. Katazo lenyewe liliondolewa na Baraza la Mawaziri mwezi wa Oktoba 2022, na ubishi ukahamia mahakamani. Wataalamu walio wengi husema kwamba mahindi hayo yaliyopimwa hayana madhara kwa mlaji kuliko mahindi mengine, nami sina sababu ya kuwapinga. Lakini mkulima auliza pia: mwakani mbegu nitaipata kwa nani, na kwa bei gani? Hilo ni swali la mali na uhuru. Limevaa nguo ya swali la afya kwa sababu katika baraza zetu asemaye kwamba anaogopa ugonjwa husikilizwa, na asemaye kwamba anaogopa kutawaliwa na muuza mbegu huambiwa kwamba hajui sayansi.

Kufika hapa huenda msomaji akadhani kwamba nimekwisha kumpa mlaji ushindi. La, hasha. Nimesema kwamba hofu yake mara nyingi huwa na hukumu ya haki ndani yake. Sasa yatupasa kuitazama hofu hiyohiyo mahali ambapo hakuna wa kuhukumiwa. Na mahali hapo tunapajua sote, ni katika gunia la mahindi.

Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika mashamba ya Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Waliochunguza waliukuta mzizi wake katika mashudu ya njugu nyasa yaliyotoka Brazili, ambayo yalikuwa yameota kuvu. Kuvu hiyo huitwa Aspergillus flavus, na kutokana na jina lake sumu ile ikaitwa aflatoksini. Siku hizi wengi huiita sumukuvu. Sumu hii huliharibu ini. Ikiliwa nyingi kwa siku chache, mtu hugeuka macho manjano, tumbo hujaa maji, naye aweza kufa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu ambaye tayari ana homa ya ini ya aina ya B. Tangu mwaka 1987 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka katika kundi la vitu vijulikanavyo hakika kuleta saratani kwa binadamu. Moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ukiiva ukawiva tena, sumu imo. Hata kuvu ikipanguswa na punje ikaonekana safi, sumu yaweza kuwa imekwisha kuingia ndani.

Huku kwetu imeua zaidi ya mara moja. Mwaka 1981 watu 12 walikufa katika wilaya ya Machakos. Kisha ukaja mwaka 2004. Katika sehemu za Ukambani, hasa wilaya za Makueni na Kitui, mvua zilinyesha wakati wa mavuno, wakati usio wake, na mahindi yakaingia nyumbani yakiwa na unyevu. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na katika hao 125 walikuwa wamekufa. Wachunguzi walikusanya mahindi na unga katika masoko ya sehemu hizo. Kipimo kilichoruhusiwa wakati ule kilikuwa mikrogramu 20 za sumu katika kilo moja. Zaidi ya nusu ya vyakula vilivyopimwa vilipita kipimo hicho, na saba katika kila mia vilipita mikrogramu 1,000.

Lakini jambo linalonishika zaidi si idadi hiyo. Wachunguzi walizilinganisha nyumba zilizopatwa na nyumba jirani ambazo hazikupatwa. Waliona kwamba mahindi yaliyolimwa na wenye nyumba wenyewe, katika nyumba zilizopatwa, yalikuwa na wastani wa mikrogramu kama 354 kwa kilo, na katika nyumba ambazo hazikupatwa kama 44. Waliona tena kwamba waliougua walikuwa wameyaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba, mahali pa watu kulala, badala ya kuyaweka ghalani penye upepo. Kila aliyepata kuishi kijijini katika mwaka wa uhaba aweza kulielewa jambo hili bila kuhitaji maelezo. Mwaka wa njaa ghala lililo nje humwita mwivi. Baba huyaingiza magunia ndani, huyapanga karibu na kitanda, na usiku hulala kwa amani. Mwivi ana miguu, husikika. Kuvu haina miguu. Baba amekinga mlango ambao adui hakupitia, na kwa kuukinga huo akamfungulia adui mwingine.

Hapa hakuna tajiri aliyedanganya wala kampuni ya kigeni, wala mtu aliyetia dawa gizani. Mkulima ni baba, mpishi ni mama, chakula ni kile alichokula babu. Maswali yote ambayo mlaji hujiuliza ili ajue kama yapasa kuogopa hujibiwa kwa namna ya kumtuliza: nakijua, nimekichagua, nimekilima mwenyewe, sikudanganywa. Na sumu imo. Hukumu ya haki ni chombo kizuri cha kumkamata mwongo, lakini haikupata kuua kuvu hata moja. Mlaji akizoea kuitambua hatari kwa sura ya mkosaji, basi hatari isiyo na mkosaji itampita mlangoni bila kubisha hodi.

Ndiyo sababu sikubaliani na wale wasemao kwamba fikira za watu wote zina thamani sawa katika mambo ya chakula, na kwamba mtaalamu ni sauti moja tu baina ya sauti nyingi. Katika swali la kama sumu imo au haimo, sauti ya hadubini na ya wingi wa watu si sawa. Kijiji kizima chaweza kupiga kura kwamba mahindi ni mazuri, na ini lisijali kura hiyo.

Walakini mtaalamu naye asivimbe kichwa. Kuna mambo mawili ambayo hesabu yake huyaficha, hata yeye mwenyewe asiyaone.

La kwanza ni kipimo chenyewe. Tumezoea kusikia kwamba unga huu umepita kiwango na ule haukupita, kana kwamba kiwango kimeandikwa mbinguni. Mwezi wa Novemba 2019, mathalani, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lilisimamisha aina tano za unga wa mahindi zilizokuwa zikiuzwa nchini kwa sababu hiyo. Kiwango cha Kenya siku hizi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mwaka 2004 tulikuwa na 20. Marekani ni 20 katika vyakula vya binadamu. Nchi za Umoja wa Ulaya ni 4 katika nafaka nyingi zilizo tayari kuliwa. Sumu ni moja, ini la binadamu ni moja. Kwa nini basi vipimo ni vitatu? Kwa sababu kiwango hakijibu swali la sayansi peke yake. Sayansi husema kwamba kiasi fulani kikiliwa, wagonjwa watakuwa wengi kadha wa kadha. Haisemi ni wagonjwa wangapi tuwe radhi kuwaacha, wala ni magunia mangapi tuwe radhi kuyatupa ili kuwaokoa. Hapo mtaalamu ameacha kupima na ameanza kuchagua, na katika kuchagua hana haki kuliko mama mwenye gunia. Kisha fikiri: mtu wa Ulaya hula mahindi mara chache, kidogo, pengine kama vitafunio. Sisi wengi wetu twayala mchana na jioni, mwaka hadi mwaka. Mwenye kula sana ndiye aliyehitaji kipimo kikali, naye ndiye aliyepewa kilicho legevu, kwa kuwa yeye ndiye asiyeweza kumudu kutupa. Takwimu hazikulisema jambo hili, lakini limo ndani yake.

La pili ni shaka. Mtaalamu huijua shaka yake, lakini asimamapo mbele ya watu, au serikali imsimamishapo, hujaribiwa kuificha ili asiwatie watu hofu. Uingereza ililipa sana kwa jaribu hili. Ng'ombe walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ubongo ulioitwa kichaa cha ng'ombe. Mwaka 1990 Waziri wa Kilimo, John Gummer, alisimama mbele ya wapiga picha pamoja na binti yake mdogo wa miaka minne, akampa mkate wenye nyama ya ng'ombe ale, ili nchi ione kwamba hakuna hatari. Tarehe 20 Machi 1996 serikali ileile ikatangaza bungeni kwamba huenda ugonjwa mpya wa ubongo ulioonekana kwa vijana umetokana na nyama ya ng'ombe hao. Waliokufa katika nchi hiyo kwa ugonjwa huo wamezidi 170. Kwa hesabu ya maradhi ya dunia idadi hiyo ni ndogo, na mtu aweza kudai kwamba waliosema hatari si kubwa hawakukosea mno. Lakini hawakusema kwamba hatari si kubwa. Walisema, au waliacha isemwe, kwamba haipo. Hawakuwa na ushahidi kwamba nyama inadhuru, nao wakaugeuza kuwa ushahidi kwamba haidhuru. Mambo hayo mawili yanafanana kwa maneno, na yameachana kwa maana kama giza lilivyoachana na upofu. Baada ya hapo, Waingereza walipoambiwa na wataalamu kwamba chakula hiki au kile ni salama, wengi walimkumbuka mtoto yule na mkate wake.

Yapo madai mengine ambayo mtaalamu huyasahau kwa kuwa mezani kwake chakula hakikosekani. Yeye husema: yatupeni. Neno ni fupi na ni kweli. Mama mwenye magunia mawili yaliyoota kuvu na watoto watano, katika mwaka ambao duka halina mkopo, hulisikia neno hilo kwa namna nyingine. Anapima naye, kwa mizani yake. Sumu itaua labda, tena baadaye. Njaa ni ya hakika, tena ni ya leo. Atayachambua, atayaosha, atayapika. Ukimwita mjinga, umemkosea, maana hakukataa elimu. Alikosa nafasi ya kuitii. Mtu hawezi kuitwa mzembe kwa kutochagua kilicho salama ikiwa hakikuwekwa mbele yake.

Mwaka 2004 waliotumwa vijijini huko Ukambani hawakwenda na onyo tupu. Mahindi yalikaguliwa, mabaya yakaharibiwa, na chakula kingine kikagawiwa katika wilaya zilizopatwa. Sina budi kutaja jambo hili kwa sababu mara nyingi tunaposimulia maafa yale twaitaja kuvu na twawataja waliokufa, na kulisahau lori lililoleta magunia mengine. Lori lile lilikuwa sehemu ya elimu. Bila hilo mtaalamu angalikuwa amesema kweli na kuondoka.

Siku hizi kuna dawa nyingine inayofanya kazi shambani kabla ya mavuno. Wataalamu wamezitafuta jamaa za kuvu ileile ambazo hazina nguvu ya kutoa sumu, wakazifuga, wakazipaka juu ya punje za mtama, na mkulima huzitawanya kati ya mistari ya mahindi. Kuvu isiyo na sumu huitangulia yenye sumu na kuinyima nafasi. Dawa hiyo huitwa Aflasafe, na hutengenezwa Katumani, karibu na Machakos, katika nchi hiyohiyo iliyozika watu wake. Mkulima asikiapo habari hii kwa mara ya kwanza ana haki ya kushangaa: mwaja kunitia kuvu shambani ili kuniokoa na kuvu? Akiuliza hivyo, asiitwe mpinga maendeleo. Anastahili kuketishwa chini na kuelezwa punje kwa punje, pamoja na bei, pamoja na mambo ambayo dawa haiyawezi. Kwa maana mahindi yaliyotibiwa shambani yakianikwa juu ya udongo wenye maji na kufungwa guniani yangali mabichi, taabu yaweza kurudi.

Na katika nchi hiyo kuna chakula kiitwacho muthokoi. Mahindi hutwangwa kinuni kwa maji kidogo hata ganda la nje na kiini vikatoka, kisha hupikwa pamoja na maharagwe au kunde. Waliopima wamekuta kwamba ukoboaji huo huondoa sehemu kubwa ya aflatoksini, kwa kuwa sumu hupenda kukaa katika sehemu zile zitokazo. Baadhi ya watu, wakilisikia jambo hili, hushangilia kwamba wazee walijua kabla ya maabara. Sidhani kwamba walijua. Walikoboa ili chakula kiwe laini na kitamu, na sumu ikatoka pamoja na makapi bila mtu kuiaga. Mpishi alikuwa na desturi bila sababu yake, na mpimaji akaleta sababu bila desturi. Makapi yale, kwa bahati mbaya, mara nyingi hupewa kuku na ng'ombe wa maziwa. Na sumu hiyo, ng'ombe akiila, sehemu yake hutoka tena katika maziwa, nayo maziwa hunywewa na watoto.